Kipeperushi cha A5 kwa Programu Huria: Kutoka GIMP hadi Mashine za Nasser Road

Ukitaka kuanza usanifu wa machapisho Kampala, mji ambao Nasser Road ni mtaa wake wa wachapaji, utaambiwa ulipie programu kwa dola kila mwezi, au utafute nakala iliyovunjwa kufuli. Ya kwanza wengi hawaimudu. Ya pili ni kinyume cha sheria, na mara nyingi huja na virusi vinavyokula kazi za wateja. Programu huria tatu, yaani zisizolipiwa na zinazoruhusiwa kunakiliwa, zinatosha kutoa kipeperushi ambacho mchapaji atakipokea bila manung'uniko: GIMP kwa picha, Inkscape kwa nembo, Scribus kwa kupanga ukurasa na kutoa PDF.

Usifanye kazi yote ndani ya GIMP. Hilo ndilo kosa la wengi wanaoanza. Maandishi yaliyoandikwa kwenye GIMP hugeuka pikseli, yaani vinukta vya rangi, na herufi ndogo za namba ya simu hutoka na kingo zenye ukungu. Scribus huyaacha maandishi yabaki maumbo safi hata yakikuzwa mara kumi.

Kupata programu

Pakua kutoka gimp.org, inkscape.org na scribus.net. Kwenye Windows ongeza Ghostscript, maana Scribus huihitaji kwa faili za EPS (aina ya faili ya michoro) na kwa kuona ukurasa kabla ya kuchapa. Kompyuta yako ikiwa bado ina Windows 7, GIMP 3 haitakubali. Chukua toleo la 2.10. Kwenye Ubuntu amri moja inamaliza kazi: sudo apt install gimp inkscape scribus.

Leseni ya GPL inakuruhusu kunakili na kugawa programu hizi. Kwa hiyo mmoja wenu mwenye bando apakue mara moja, aweke kwenye flashi, wengine wote wanakili kutoka hapo. Ni halali kabisa.

Hatua ya 1: Vipimo kabla ya rangi

A5 ni milimita 148 kwa 210. Kisu cha mchapaji hakikati palepale kila mara. Husogea kidogo huku na huku. Rangi ya usuli ikiishia kwenye mstari wa kukatia, baadhi ya nakala zitatoka na uzi mweupe pembeni. Ongeza milimita 3 kila upande, ukurasa uwe 154 kwa 216. Maandishi nayo yarudi ndani angalau milimita 5 kutoka mstari wa kukatia.

Kwa vipimo hivyo, kurasa nne zinaingia kwenye karatasi moja ya SRA3, yenye milimita 320 kwa 450. Ukiongeza ukubwa wa kipeperushi hata kidogo, huenda zikaingia mbili tu, na gharama ya karatasi ikapanda maradufu. Muulize mchapaji ukubwa wa karatasi yake kabla hujamwahidi mteja chochote.

Hatua ya 2: Picha kwenye GIMP

Fungua picha, nenda "Image", kisha "Print Size", andika 300 (pikseli kwa kila inchi), usome upana unaotokea. Picha ya kujaza ukurasa wetu inahitaji takriban pikseli 1819 kwa 2551. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 inatosha na kubaki. Ile iliyopitia WhatsApp kwa njia ya kawaida huwa imepunguzwa: ikifika na pikseli 1600 upande mrefu, kwa ubora wa 300 itatoa sentimita 13.5 tu. Mwombe mteja aitume tena kama dokumenti. Kuikuza kwa "Scale Image" kunaongeza pikseli, lakini sura ya mtu haiongezeki uwazi.

Kisha "Colors", "Curves": shika mstari katikati, uinue kidogo. Karatasi isiyo na mng'ao hunywa wino, nukta hutanuka, na picha hutoka nyeusi kuliko ulivyoiona kwenye kioo. Nyuso za watu weusi ndizo huumia zaidi, hivyo usiruke hatua hii.

Toa picha kwa "Export As" katika TIFF. Ctrl+S huhifadhi XCF, faili ya kazi ambayo mchapaji hawezi kuitumia. Pia GIMP haijihifadhii yenyewe. Umeme ukikatika, kilichofanywa tangu Ctrl+S ya mwisho kimeondoka.

Hatua ya 3: Nembo kwenye Inkscape

Mara nyingi mteja huleta nembo kama picha ndogo iliyopigwa kwenye kadi ya zamani. Iingize, ichague, fungua "Path", "Trace Bitmap". Kwa nembo ya rangi moja tumia "Brightness cutoff" na uchezee kiwango chake mpaka umbo litoke safi. Matokeo hukaa juu ya picha ya awali. Yasogeze kando, futa picha. Ukiona vinundu (nukta zinazoshika umbo la mstari) mamia kwenye mstari mmoja, bonyeza Ctrl+L kuvipunguza, lakini mara moja au mbili tu, la sivyo pembe zitalainika na nembo kupoteza sura yake.

Maandishi yoyote yaliyo kwenye nembo yageuze kuwa michoro kwa Shift+Ctrl+C, kisha hifadhi kama "Plain SVG". Usiweke kivuli chenye ukungu, kwa sababu Scribus haisomi vichujio vya SVG, na kivuli kitapotea njiani.

Hatua ya 4: Kupanga kwenye Scribus

Fungua hati mpya, chagua A5, na kwenye kichupo cha "Bleeds" andika milimita 3 pande zote: ndizo zile za ziada za Hatua ya 1. Chora fremu ya picha, ingiza TIFF, uivute hadi mstari wa nje. Chora fremu za maandishi. Nembo ingia nayo kupitia "File", "Import", "Get Vector File".

Ukiona alama nyekundu kwenye kona ya chini ya fremu ya maandishi, maana yake kuna maneno yamefurika na hayaonekani. Panua fremu au punguza herufi.

Hatua ya 5: Rangi, mahali kazi nyingi huharibika

Kioo cha kompyuta hutoa rangi kwa mwanga, RGB. Mashine hutumia wino nne, CMYK: samawati (C), majenta (M), njano (Y) na nyeusi (K). Kijani kinachong'aa kama mwanga wa neoni hakipo kwenye wino hizo. Ukikiacha, kitatoka kimefifia, na mteja atakulaumu wewe.

Fungua "Edit", "Colors and Fills". Utakuta rangi za nembo zimeingia kwa majina yanayoanza na "FromSVG". Fungua kila moja, igeuze CMYK, uweke asilimia mwenyewe. Njano nzito yenye joto, kwa mfano, ni C0 M15 Y100 K0. Jumla ya wino nne mahali pamoja isizidi asilimia 300, la sivyo karatasi haikauki na hupakana nyuma ya nyingine.

Maandishi madogo yawe "Black", yaani K100 peke yake. Ukitumia "Rich Black", nyeusi inayochanganya wino zote nne, pleti nne (moja kwa kila wino) lazima zilingane kikamilifu. Zikiachana hata sehemu ya milimita, herufi zinapata vivuli vya rangi. "Rich Black" iweke kwenye maeneo mapana. "Registration" usiiguse kabisa. Hiyo ni ya alama za mchapaji.

Hatua ya 6: Kama upande mmoja ni Kiluganda

Ukiandaa kipeperushi cha Kiswahili mbele na Kiluganda nyuma, kumbuka kwamba fonti nyingi za bure za mtandaoni hazina herufi ŋ. Andika neno kama eŋŋoma kwenye fonti uliyochagua. Ukiona kisanduku kitupu, badilisha. Noto Sans, DejaVu na Gentium zote zinayo, na ni huru kutumika. Kwenye Inkscape bonyeza Ctrl+U, andika 014b, kisha Enter. Kwenye Scribus itafute kwenye "Insert", "Glyph". Tafadhali usiandike ng mahali pa ŋ ili kujiokolea muda. Kwa msomaji wa Kiluganda hizo ni sauti mbili tofauti.

Hatua ya 7: Kutoa PDF

Chagua "Save as PDF". Kwanza kitatokea kikaguzi chenye orodha ya makosa: picha zenye ubora mdogo, herufi zinazokosekana, maandishi yaliyofurika. Usikipuuze. Rekebisha, rudia.

Kisha weka PDF 1.4, kwenye "Fonts" chagua herufi zote zigeuzwe michoro, kwenye "Color" chagua "Printer", kwenye "Pre-Press" washa alama za kukatia na "Use Document Bleeds". Hiyo ya mwisho ikisahaulika, zile milimita 3 zote zinakatwa kabla hazijafika kwa mchapaji.

Wachapaji wengi watakuomba faili ya CDR, ile ya programu ya CorelDRAW. Inkscape haiwezi kuiandika. Mpe PDF hii: CorelDRAW huiingiza vizuri, na kwa kuwa herufi zimeshakuwa michoro, hakuna fonti itakayobadilika kwenye kompyuta yake.

Hatua ya 8: Nakala moja kwanza

Kabla ya nakala 1000, lipia moja kwenye karatasi ileile itakayotumika. Itazame nje, kwenye mwanga wa jua, maana taa za dukani hudanganya macho. Pima kwa rula. Piga simu namba iliyoandikwa, uone kama inaita kwa mteja. Mwombe atie sahihi juu ya nakala hiyo, uihifadhi.

Mwisho, kwenye Scribus tumia "Collect for Output". Hukusanya hati na picha kwenye folda moja, pamoja na fonti ukiwasha chaguo lake. Inakili kwenye flashi ya pili, kwa sababu mteja huyohuyo atarudi mwakani akitaka bei mpya tu zibadilishwe.