Namna ya Kupima Kiuno na Kuelewa Usugu wa Insulini

Chukua futi ya fundi cherehani, simama wima, kisha tafuta kwa vidole mwisho wa ubavu wa chini na ukingo wa juu wa mfupa wa nyonga; futi ipite katikati ya alama hizo mbili, nawe usome namba baada ya kutoa pumzi kwa kawaida. Hapa Ujiji nimewapima majirani wengi, na karibu kila mmoja huvuta tumbo ndani kwanza, jambo linaloharibu kipimo. Mwanamke anayezidi sentimita 80, au mwanamume anayezidi 94, aende akapime sukari.

Seli za mafuta ya tumboni zinapojaa kupita kiasi, baadhi yake hufa, na seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kuzizunguka kama pete ili kusafisha mabaki. Tatizo ni kwamba makrofaji hizo hutoa kemikali za uvimbe, ikiwemo TNF-alfa, ambazo huvuruga ujumbe wa insulini, homoni inayouambia mwili uchukue sukari kutoka kwenye damu, hadi misuli na ini vikashindwa kuuitikia ipasavyo, na sukari ikabaki kwenye damu; huo ndio usugu wa insulini.

Misuli inayofanya kazi huchukua sukari hata insulini inapozorota, kwa hiyo tembea kwa miguu kuelekea mtaa wa Mwanga, hapa Kigoma, badala ya kupanda bodaboda. Punguza tonge la ugali wa muhogo, ongeza dagaa na maharage, na mawese uyapime kwa kijiko. Anayetumia dawa za kisukari amwone daktari kwanza, kwa kuwa sukari yake inaweza kushuka ghafla.