Kupeleka wenzako wa ofisini kung'oa mitego ya waya

Niko idara ya ununuzi katika kampuni moja ya Nairobi, na safari hii huipanga mwenyewe. Tunaenda Naivasha, kwenye vichaka vya leleshwa karibu na mbuga ya Hell's Gate, kutafuta mitego ya waya. Kampuni nyingi hupenda kupanda miti, na si vibaya. Lakini waya ukiung'oa asubuhi, kuna mnyama ambaye jioni atapita salama.

Anza na barua. Mwandikie msimamizi wa hifadhi wa KWS, yaani Shirika la Wanyamapori Kenya, au mwenye shamba kama ardhi ni ya mtu binafsi, utaje siku na idadi ya watu. Omba askari wenye silaha: nyati akilala ndani ya leleshwa humwoni mpaka umemkaribia. Watu ishirini wanatosha. Wakizidi hapo hawasikii maagizo. Mambo ya bima waachie wa rasilimali watu.

Kila mtu avae suruali ndefu, buti na glavu za ngozi, na abebe maji. Nguo za madoadoa ya kijeshi zibaki nyumbani hata kama ni za mitumba, maana Kenya raia haruhusiwi kuzivaa. Fulana zenye nembo ya kampuni mimi siziagizi. Pesa hizo zinunulie maskauti wa kijijini, walinzi wa wanyamapori, buti; wao ndio wanaobaki porini sisi tukirudi mjini.

Mkifika, pangeni mstari, kila mtu amwone jirani yake, mwende polepole. Watu wa mjini hutazama mbele; waambie wachuchumae mara kwa mara. Ukichuchumaa, njia unaiona kama anavyoiona digidigi. Utakuta matawi ya miiba yamekatwa yakapangwa huku na huku, katikati pameachwa mwanya, na kwenye mwanya kinaning'inia kitanzi. Mara nyingi waya umechomwa motoni ili usimetemete, kwa hiyo tafuta umbo la duara, usitafute mng'ao. Kagua na mashina: pale waya ulipofungwa, gome limechubuka. Kitanzi cha digidigi kiko chini, cha swala pala kimeinuliwa zaidi, lakini waya hauchagui. Pundamilia hunaswa, twiga naye hunaswa mguu. Ukipata mtego mmoja usiondoke upesi, kwa sababu mtegaji hutega kwa safu. Mwingine huenda uko mwanya wa pili.

Inua mkono, mwite askari. Yeye apige picha na kuandika mahali, ndipo mkate kwa koleo mpaka fundo la kwenye mti litoke. Waya wote mkabidhini. Ni ushahidi, asibebe mtu kumbukumbu.

Mkimkuta mnyama yu hai mtegoni, simameni, nyamazeni, rudini nyuma. Akiwaona hujirusha, na kila akijirusha waya unakaza na kuzama nyamani. Kumfungua ni kazi ya daktari wa wanyama, naye askari atamwita kwa redio. Mwambieni kila mtu jambo hili kabla ya kushuka garini, pamoja na kwamba mizoga ipo. Anayeshindwa kutazama apumzike bila kuulizwa.

Malizeni kabla ya jua la saa sita. Picha mtakazotuma zisionyeshe mahali mlipokuwa. Kabla ya kuondoka, kubalianeni na askari tarehe ya kurudi eneo lilelile, kwa sababu mtegaji naye anaijua njia hiyo.