Kabla hujaingia skramu, jifunze kuinama

Nilicheza raga nikiwa namba 3, yule wa kulia kwenye safu ya mbele ya skramu (pale wachezaji wa timu mbili wanapoinama, kushikana na kusukumana kugombea mpira), mpaka masikio yakawa kama mandazi. Siku hizi kila Jumamosi nafundisha vijana karibu na Barabara ya Ngong, na kifaa changu kikuu ni kikombe cha plastiki.

Mchezaji anainama, namwekea kikombe chenye maji kiunoni. Maji yakimwagika, anarudia. Sheria inataka mabega yasishuke chini ya kiuno, na sababu yake naionyesha hapohapo: kiuno kikiwa juu, kichwa kinaelekea ardhini, na skramu ikianguka shingo ndiyo inayopokea uzito. Mgongo unyooke, kidevu kisiguse kifua, macho yatazame mbele. Msimu wa mvua ndefu, kagua njumu zako kwanza. Tope la Nairobi limeangusha skramu nyingi kuliko wapinzani.

Refa hutoa amri tatu: inama, shika, ingia. Kabla ya 2013 tulikuwa tukigongana kama kondoo dume, bila kushikana kwanza. Sasa namba 1, wa kushoto kwenye safu ya mbele, anapitisha mkono wa kushoto ndani ya mkono wa kulia wa namba 3 wa upande wa pili, naye namba 3 anapitisha wake kwa nje. Kamata jezi mgongoni au ubavuni. Kola, mkono wa jezi na kifua, hapana! Kisha subirini mpira uingie ndipo msukume. Walio chini ya miaka 19 hawaruhusiwi kusukuma zaidi ya mita 1.5.

Kama hujafundishwa safu ya mbele, mwambie refa. Mtashikana bila kusukumana, na timu inayoingiza mpira ndiyo itakayoupata. Mimi kijana niliwekwa pale kwa sababu ya kilo tu, nikamaliza wiki mbili nikigeuka mwili mzima kumwangalia kondakta wa matatu. Sikuwa na ujasiri wa kumkatalia kocha.

Skramu ikianza kuporomoka, acha kusukuma hata kabla ya filimbi. Anayelalamika shingo au ganzi mikononi asiinuliwe wala kuketishwa, hata na kakake. Mmoja apige magoti amshikilie kichwa kilivyo, mwingine aite ambulensi, na mechi isimame hadi wahudumu wafike.