Kaseti ya vumbi iangalie wapi kwenye chumba kisicho na upepo?

Juzi mwanafunzi mmoja alinipigia simu akiwa kwenye stoo ya kinu cha posho hapa Kisumu. Alikuwa anapima vumbi la hewani kwa kaseti, yaani kikasha chenye filta ambacho pampu ndogo huvuta hewa kupitia ndani yake. Kaseti tatu, chumba kimoja, asubuhi moja, na kila moja inampa jibu lake. Pampu zilikuwa nzima. Kilichomchanganya ni kile kile kilichowahi kunipotezea siku mbili: moja iliangalia dari, moja ukuta, moja sakafu.

Hatua ya 1: Pampu na filta. Pima uzito wa filta, chaji pampu, weka lita 2 kwa dakika. Kile kigololi cha kwenye pampu kinachoonyesha hewa inavyovutwa mimi sikiamini; tumia kipimo cha povu la sabuni, kabla na baada. Tofauti ikipita asilimia 5, sampuli hiyo itupe.

Hatua ya 2: Hewa itulie. Upepo wa ziwa huingia mchana, kwa hiyo fika asubuhi. Funga mlango, washa koili ya mbu, kaa mbali uutazame moshi. Usipolala upande, hewa imetulia. Fanya hivyo kabla ya kufungua kaseti, la sivyo utapima koili.

Hatua ya 3: Kuning'iniza kaseti. Hapa usiharakishe. Hewa ikitulia, hakuna upepo wa kuiletea kaseti chembe, na chembe zina tabia mbili: zinaanguka, na zile kubwa ni nzito kukata kona.

Tuanze na kuanguka. Chembe ya maikromita 10 (maikromita ni sehemu ya elfu ya milimita) yenye msongamano wa maji hushuka kama milimita 3 kwa sekunde. Ya maikromita 50 hushuka kama sentimita 7.5. Sasa chukua kaseti ya milimita 37 iliyoachwa wazi uso mzima: kwa lita 2 kwa dakika, hewa inaingia kwa chini ya sentimita 4 kwa sekunde. Yaani chembe kubwa inaanguka haraka kuliko pampu inavyovuta! Kaseti ikiangalia juu, chembe za ukubwa huo utazipata kama mara tatu ya zilizomo kwenye hewa uliyovuta. Ikiangalia chini, hupati hata moja.

Wengine hukimbilia kuacha tundu la milimita 4 tu. Hewa sasa inaingia kwa zaidi ya mita 2.6 kwa sekunde, na kuanguka hakukusumbui sana. Lakini chembe kubwa ikifika karibu na tundu inakuwa kama lori la miwa kwenye kona kali: hewa inageuka, yenyewe inaendelea na safari. Na baadhi ya zinazoingia hunata kwenye kuta za ndani, mtu akapima filta peke yake akadhani amemaliza.

Mimi natumia mdomo wa milimita 15 ulioelekezwa pembeni, si juu wala chini. Hewa inaingia kwa kama sentimita 19 kwa sekunde, na kuanguka hakuongezi wala kupunguza sana. Kwa chembe zinazokaribia maikromita 100 bado sikuahidi kitu.

Halafu ning'iniza kaseti bubu: ya aina ile ile, uelekeo ule ule, bila pampu. Kinachoingia humo kimeanguka chenyewe. Yule mwanafunzi nilimwambia aiweke moja ikiangalia dari. Tulipoifungua, vipande vya pumba vilionekana kwa macho juu ya filta, na hakuna pampu iliyovivuta.

Ziwe kwenye kimo cha pua, mbali na ukuta na rafu. Mtu akianza kuhamisha magunia, simamisha kazi.

Hatua ya 4: Kufunga. Zima pampu, funika mara moja, andika uelekeo wa kila kaseti daftarini. Kwenye boda zibebe mapajani, uso wa filta ukiwa juu. Hapo sasa kuangalia juu ruksa.