Kuunda kigunduzi cha chembe kwa fotodiodi ya silikoni, na kukipima kwa kuhesabu elektroni

Kigunduzi nitakachokieleza hapa kinatumia fotodiodi ya aina ya PIN, ambayo huuzwa kwa ajili ya kupokea mwanga, lakini ndani yake mna kipande cha silikoni kinachofanya kazi kwa kanuni ileile ya vigunduzi vya silikoni vilivyomo katika majaribio ya CMS na ATLAS huko CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Kuunganisha saketi hakuchukui zaidi ya saa chache. Kazi ngumu ni kutofautisha pigo la chembe na kelele, na katika miaka niliyofanya kazi hii nimeona kwamba anayeshindwa mara nyingi ni yule anayepima kelele kwa milivolti na ishara kwa elektrovolti (kipimo kidogo cha nishati), kisha akashangaa vipimo viwili visivyolingana. Kwa hiyo mwongozo huu wote unatumia kipimo kimoja tu, yaani idadi ya elektroni.

Hatua ya kwanza: kujua ishara yako ina elektroni ngapi

Katika fuwele ya silikoni elektroni haziwezi kuwa na nishati yoyote ile. Zimejipanga katika mikanda, na kati ya mkanda wa valensi na mkanda wa upitishaji kuna pengo la elektrovolti 1.12 katika joto la kawaida la chumba. Chembe yenye chaji inapopita huzirusha elektroni juu ya pengo hilo, na kila elektroni inayoruka huacha shimo nyuma yake. Mtu angetarajia kwamba kila jozi ya elektroni na shimo ingegharimu elektrovolti 1.12, lakini gharama halisi ni karibu 3.6, kwa sababu sehemu kubwa ya nishati huishia katika mitikisiko ya fuwele, yaani fononi, ambayo kigunduzi hiki hakiwezi kuisoma.

Elektroni yenye kasi kubwa inayopita katika tabaka jembamba la silikoni huacha takriban jozi 70 kwa kila mikromita. Hiyo ni thamani inayotokea mara nyingi zaidi, si wastani, kwani mara mojamoja chembe huigonga elektroni moja kwa nguvu na kuacha chaji nyingi kuliko kawaida. Usambazaji wake una mkia mrefu upande wa juu. Katika vigunduzi vikubwa vyenye unene wa mikromita 300 ishara hupita elektroni 20,000. Sisi hatutakuwa na anasa hiyo.

Hatua ya pili: kupima kina cha tabaka tupu

Chaji hukusanywa haraka katika sehemu ya diodi ambayo uga wa umeme umeifagia na kuiacha bila elektroni wala mashimo huru. Nitaiita tabaka tupu. Volti za kinyume zikiongezeka, tabaka hili hunenepa, na kwa kuwa linafanya kazi kama kihami kati ya sahani mbili za kapasita, unaweza kujua kina chake bila kuipasua diodi: pima kapasitansi yake.

Chukua BPW34, fotodiodi ya PIN, ambayo eneo lake hai ni karibu milimita 7.5 za mraba. Ukigawanya 777 (namba inayotokana na eneo hilo na silikoni yenyewe) kwa kapasitansi iliyo katika pikofaradi, unapata kina katika mikromita. Bila volti yoyote diodi hii huwa na pikofaradi kama 70, yaani kina cha mikromita 11 tu. Ukiipa volti 9 za kinyume na kipimo kikasoma pikofaradi 16, kina kimefikia karibu mikromita 49, na elektroni ya kasi inayopita wima itaacha takriban jozi 3,400. Andika namba hiyo mahali utakapoiona, kwa sababu kila uamuzi unaofuata utalinganishwa nayo. Volti zaidi zinasaidia pande zote mbili, kwani ishara hukua na kapasitansi hupungua, lakini usizidi kikomo cha mtengenezaji, ambacho hutofautiana: BPW34 moja inaweza kuruhusiwa volti 32, na nyingine yenye jina hilohilo volti 60.

Hatua ya tatu: kuunganisha amplifaya ya chaji

Tumia betri mbili za volti 9 ili upate volti chanya na hasi kuzunguka sifuri. Kifaa cha kuchajia simu kisitumike hata kwa majaribio ya dakika moja, maana kelele yake ya kukatakata umeme itafunika kila kitu. Unganisha anodi ya diodi moja kwa moja na ingizo geuzi la amplifaya ya operesheni yenye ingizo la JFET (aina ya transista inayovuta mkondo mdogo mno), na katodi uipeleke kwenye volti chanya kupitia rezista ya kiloomu 100, pamoja na kapasita ya kuchuja inayoelekea sifuri. Kati ya ingizo geuzi na toleo weka kapasita ya pikofaradi 1 sambamba na rezista ya megaomu 40. Ingizo lisilo geuzi liende sifuri. Kisha ongeza hatua ya pili ya kukuza mara 100.

Kapasita hiyo ndogo ndiyo inayobadili chaji kuwa volti: femtokulombi 1, ambayo ni elektroni 6,240, hutoa milivolti 1 kwenye hatua ya kwanza ya kukuza na milivolti 100 baada ya ya pili. Kwa vitendo utapata pungufu, kwa sababu hatua ya pili haiwahi kufika kileleni kabla chaji haijaanza kumwagika kupitia rezista, jambo linalochukua mikrosekunde 40 hivi.

Kwa nini megaomu 40, na si 1? Rezista nayo ina kelele ya joto, na kadiri ilivyo kubwa ndivyo mkondo wake wa kelele unavyopungua. Kuna kanuni fupi ninayoitumia: zidisha mkondo wa kuvuja wa diodi, yaani ule unaopita hata gizani, kwa thamani ya rezista. Jibu likiwa chini ya milivolti 50, rezista ndiyo inayopiga kelele zaidi. Likiwa juu ya hapo, ni diodi. Mkondo wa nanoampia 2 katika megaomu 40 hutoa milivolti 80, kwa hiyo kuongeza rezista zaidi hakutakufaa sana.

Baada ya kulehemu, safisha ubao kwa alkoholi ya isopropili. Mabaki ya fluksi (dawa ya kulehemia) hupitisha umeme kidogo mno, lakini hapa tunashughulika na nanoampia, na nimewahi kupoteza siku mbili nikiilaumu diodi nzima kabisa kwa kosa la uchafu.

Hatua ya nne: giza, chuma na utulivu

Nanowati moja ya mwanga mwekundu ni fotoni (chembe za mwanga) kama bilioni 3 kwa sekunde, na karibu kila fotoni inayomezwa hutoa jozi moja. Hiyo ni nusu ya nanoampia ya mkondo usiotakiwa. Funika diodi kwa karatasi ya alumini iliyounganishwa na sifuri ya saketi, bila kugusa miguu ya diodi, kisha uweke kila kitu ndani ya kasha la chuma lenye mfuniko unaobana. Plastiki nyeusi haitoshi, kwa sababu aina nyingi hupitisha mwanga wa infraredi, ambao silikoni huuona vizuri.

Mtikisiko unahitaji uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Diodi ina volti 9, na ikiwa waya wake utasogea kiasi cha kubadili kapasitansi kwa sehemu moja ya elfu ya pikofaradi, chaji itakayoingia ni femtokulombi 9, sawa na elektroni 56,000. Ishara yetu ni 3,400. Kata miguu ya diodi iwe mifupi, uibandike imara, na usiguse meza wakati wa kuhesabu. Epuka pia kapasita za kauri za daraja la X7R katika njia ya ishara, kwa kuwa zikitikiswa huzalisha umeme zenyewe. Za C0G hazina tabia hiyo.

Hatua ya tano: kusawazisha bila chanzo cha mionzi

Wengi hufikiria kuvunja kigunduzi cha moshi ili watoe ameriki-241, elementi yenye mionzi, iliyomo ndani. Usifanye hivyo, vumbi lake likiingia mapafuni ni hatari. Badala yake unganisha kapasita ya pikofaradi 1 na ingizo la amplifaya, kisha uipe ngazi, yaani mruko wa ghafla, ya milivolti 1 kutoka kwa jenereta ya mapigo kupitia kigawanya volti. Umeingiza elektroni 6,240, sawa na chembe iliyoacha kiloelektrovolti 22 na nusu. Soma kimo cha pigo kwenye osiloskopu, gawanya, na sasa unajua kila milivolti ya toleo ni elektroni ngapi.

Ondoa pigo la majaribio, upime kelele iliyobaki, uibadili kuwa elektroni. Amplifaya ya kawaida kama TL072 inaweza kukupa karibu elektroni 1,000. Kizingiti, yaani kimo cha chini kabisa cha pigo utakalolihesabu, kinapaswa kuwa mara tano ya kelele, la sivyo utahesabu kelele yenyewe, na hapo elektroni 5,000 zimezidi 3,400. Maana yake ni kwamba chembe za kasi zinazopita wima zitapotea, nawe utaona zile tu zilizopita kwa mshazari, zilizopunguza mwendo, au zilizoangukia ule mkia mrefu. Kigunduzi hakijaharibika. Amplifaya yenye kelele ndogo ya volti ndiyo dawa, na ndiyo sehemu pekee ninayoshauri kutumia fedha zaidi.

Hatua ya sita: kuhesabu

Kloridi ya potasiamu ni chanzo salama. Gramu moja hutoa mitengano ya viini vya atomu kama 16 kwa sekunde kutokana na potasiamu-40 ya asili, na elektroni zake hufikia megaelektrovolti 1.31, kiasi kinachotosha kwa nyingi kupenya plastiki ya diodi. Hesabu saa moja ukiwa na pakiti ya chumvi ya kawaida, halafu saa moja ukiwa na pakiti ya kloridi ya potasiamu ya ukubwa uleule. Tuseme umepata 40 na 100. Tofauti ni 60, na kosa lake ni kipeuo cha pili cha jumla ya 140, yaani karibu 12. Tofauti hiyo ni mara tano ya kosa lake, kwa hiyo unaweza kuiamini. Ungepata 40 na 55 ungepaswa kuendelea kuhesabu kwa saa nyingi zaidi.

Andika pia joto la chumba kando ya kila hesabu. Mkondo wa kuvuja huongezeka maradufu kwa kila nyuzi 7 au 8 za selsiasi, kwa sababu joto lenyewe huwezesha elektroni chache kuvuka pengo, na hii ni mojawapo ya sababu zinazofanya silikoni ya CMS na ATLAS ipoozwe chini ya nyuzi sifuri. Ukihesabu chumvi ya kwanza asubuhi na ya pili mchana wa jua kali, rudia kipimo cha kelele cha hatua ya tano kabla ya kulinganisha namba hizo mbili.