Talaka Japani: fomu moja, mashahidi wawili
Wajapani wengi wanaachana bila kumuona hakimu, mkishakubaliana mnachukua fomu ya rikon todoke (taarifa ya talaka) manispaa, mnajaza, mnasaini wote na mashahidi wawili wa miaka 18 kwenda juu, inapelekwa dirishani, imeisha hiyo. Hata mmoja anaweza kuipeleka peke yake. Sasa hapo ndo pa kuwa macho, maana wapo wanaofoji saini ya mwenzao, ukimshuku wahi ujaze fujuri todoke, yaani unawaambia manispaa wasipokee talaka yoyote bila ridhaa yako. Mna watoto wadogo? Malizaneni kwanza nani ana haki ya malezi, fomu inauliza. Mkishindwana mnaanzia usuluhishi mahakama ya familia, kesi baadae. Na ukitaka kubaki na jina la ndoa, una miezi 3 tu tangu talaka kuwataarifu.