Mbwa mkubwa akichechemea bila sababu

Kagua kwanza kucha na katikati ya vidole. Mwiba hujificha hapo. Kisha papasa mguu wenyewe na mwenzake ukilinganisha. Uvimbe mgumu karibu na kifundo cha mguu wa mbele, bega au goti unaweza kuwa saratani ya mfupa, kwa hiyo omba eksirei mapema. Akipata nafuu kwa dawa ya maumivu, usidhani amepona. Ibuprofeni na diklofenaki za binadamu usimpe kamwe: hutoboa tumbo na kuharibu figo.

Ikithibitika ni saratani, mzuie kuruka na kupanda ngazi, maana mfupa ulioliwa huvunjika kirahisi. Kabla ya kukubali mguu ukatwe, kifua kipigwe eksirei. Saratani hii hukimbilia mapafuni. Mbwa wengi hutembea vizuri kwa miguu mitatu.